Yogati ya Mama Kutoka Embu Hadi Ishiara

Mama yangu alipotolewa uvimbe kooni, daktari alituambia mambo mawili: kwamba uvimbe ule haukuwa wa kutisha, na kwamba kwa wiki kadhaa mama asile chochote cha moto wala kigumu. Apewe vitu laini na baridi. Lile la kwanza lilitufurahisha hata la pili likatupita masikioni. Tulilikumbuka mama alipokwisha kurudi nyumbani, upande wa Ishiara, ambako jua huwaka tangu asubuhi na boma letu halina stima wala friji.

Dada yangu, anayeishi naye, alinipigia simu akasema mama amekataa kula. Uji ukikaa kivulini unabaki vuguvugu, na kila akimeza machozi yanamtoka. Siku hiyo hata kunong'ona hakunong'ona. Aligeukia ukuta tu.

Mimi na mume wangu tunaishi Embu mjini. Yeye huuza mayai na mboga, na mzigo wake huubeba kwa pikipiki inayovuta tela ndogo ya magurudumu mawili. Alisema kesho hatauza kitu, tutampelekea mama chakula. Jioni ile nilijaza friji yetu chupa za maji zigande. Nilichuja supu ya kuku nikaipoza, nikasaga maembe, nikanunua yogati na maziwa ya mala. Asubuhi tulipanga kila kitu kwenye kasha la plastiki tuliloazima kwa fundi wa keki jirani yetu: chupa zilizoganda chini na juu, chakula katikati, na magazeti kwenye nafasi zilizobaki ili hewa ya joto isipate pa kukaa. Kisha tukalifunika kwa blanketi kuukuu na gunia lililolowa, tukalifunga kwa mpira kwenye tela.

Tulipofika Siakago gunia lilikuwa limekauka kabisa. Tulilimwagia maji yetu ya kunywa. Nilitaka kufungua kasha nihakikishe hali ya ndani, lakini mume wangu aliweka mkono juu ya kifuniko akasema kila nikichungulia nitakuwa naingiza jua.

Tulikuwa tumeshaacha lami tukiifuata njia ya vumbi iendayo kwetu pikipiki iliporuka shimo, ikawa nyepesi ghafla. Nilipogeuka niliona tela imebaki nyuma, imeinamisha pua chini. Pini inayoishika kwenye pikipiki ilikuwa imeng'oka. Kasha halikuanguka, namshukuru Mungu, ila lilikuwa limelala upande, na jua la adhuhuri lilikuwa juu yake moja kwa moja.

Tulilibeba hadi chini ya mgunga uliokuwa na kivuli chembamba. Mume wangu akarudi nyuma kutafuta pini kwenye vumbi. Mimi nilibaki nikilipepea kasha kwa leso, nikijua fika kwamba kupepea hakusaidii kitu. Akilini nilimwona mama akigeukia ukuta, na nikaanza kulia.

Ndipo akaja mama mmoja akiswaga punda wawili waliobeba mitungi ya maji. Alisimama, akaniuliza kwa Kimbeere kama kuna mtu ameumia. Nilimweleza habari za koo la mama, za barafu na za pini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba maji kidogo ya kulowesha gunia, kwa aibu, maana nilijua yanatoka mbali mtoni.

"Kidogo yatakauka kabla hujafika," alisema. "Shika hilo gunia vizuri."

Akafungua mtungi mmoja, akalowesha gunia na blanketi mpaka maji yakachuruzika, kisha akanisaidia kusogeza kasha kivuli kilipohamia. Pini haikuonekana. Mume wangu alirudi mikono mitupu, na yule mama akachomoa kipande cha nondo alichokuwa akifungia kamba za punda. Kiliingia kwenye tundu kwa kugongwa kwa jiwe. Tukakikunja ncha, tukakifunga kwa waya. Nilipotaka kumshukuru alikuwa ameshawageukia punda wake, akiwakaripia kwa kukawia.

Tulikwenda polepole mpaka nyumbani. Dada yangu alikuja mbio kutupokea, na sisi watatu tukalifungua kasha sakafuni mbele ya kitanda cha mama. Chupa zilikuwa nusu maji, nusu barafu. Nilishika kikombe cha yogati, na ubaridi wake ulinipanda mpaka kiwikoni.

Mama alionja ncha ya kijiko. Akafumba macho, akangoja maumivu. Kisha akameza. Akafungua mdomo tena, nikampa, na tena, hakuna chozi lililotoka. Kikombe kilipoisha alinitazama, akasema kwa sauti ya kukwaruza tuliyoisikia sote:

"Na hayo maembe ni ya nani?"

Dada yangu aliketi chini akacheka huku akijifuta macho. Mume wangu alikwenda kujilaza nje ya nyumba, kofia usoni, na alipoletewa chakula alikuwa ameshasinzia. Mimi nilimlisha mama maembe yote, kisha nikala sahani mbili za muthokoi wa dada yangu, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa maana tangu asubuhi sikuwa nimekumbuka njaa.