Foleni Kichwani

Juzi nilikuwa zahanati moja hapa Malaba, jirani na yadi ya malori, dereva alipoletwa amebebwa na mwenzake. Alikuwa amezimika kwenye usukani, foleni ya mpaka ikiwa imesimama.

Daktari alimwita jina. Kimya. Akamsugua kifua kwa vifundo vya vidole. Jamaa akaguna tu.

"Amekuwa akimeza tembe za kafeini," mwenzake akaeleza. "Ukilala, unapitwa."

"Boss, hizo haziondoi usingizi," daktari akamwambia. "Kemikali ya usingizi inapanga foleni kwa ubongo kama malori yenu. Tembe inafunga geti tu. Siku geti inafunguka, zote zinapita pamoja."

Simu ya mgonjwa ikalia. Mwenzake akaichungulia: "Ni bibi yake." Ikalia mpaka ikakatika, mwenyewe hakutikisika.

Ndipo mwenzake akamwinamia sikioni: "Foleni imesonga."

Macho yakafunguka. Mguu ukakanyaga klachi isiyokuwepo, mkono ukatafuta gia. "Nani amechukua nafasi yangu?"

Jina alilopewa na mamake halikumwamsha, wala mkewe. Tunajisifu kwamba mpaka wetu haulali. Huyu ndiye anayetukeshea.

Nikatoka nje kuangalia. Foleni ilikuwa pale pale.