Mama Mkwe Alipochemsha Sindano

Enzi za Mwingereza, kijijini kwetu nje kidogo ya Shelui, kisukari kilikuwa ugonjwa wa mume wangu peke yake. Dawa ilitoka hospitali ya Kiomboi, kichupa kimoja kimoja, na mimi ndiye niliyefundishwa kumchoma kila asubuhi. Nanawa mikono, nachemsha bomba la kioo na sindano yake, nasubiri vipoe. Nafuta mpira wa kichupa kwa spiriti, navuta dawa, natoa mapovu. Majirani wakaniita dresa, kama wale wauguzi wa hospitali, na si kwa kunisifu.

Kichupa nilikiweka ubavuni mwa mtungi wa maji, penye ubaridi. Mama mkwe, tuliyeishi naye, alikuwa akikitoa na kukianika juani, eti dawa ya baridi itamtia mwanawe mafua. Nakirudisha, anakitoa. Ningemfanya nini? Mkwe hafokewi.

Jumamosi moja ndege waliuvamia uwele wetu. Nilitoka alfajiri kwenda kuwafukuza, nikamwambia, "Mama, naomba unichemshie sindano. Nikirudi nimchome." Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Niliporudi sufuria ilikuwa inatokota, na ndani yake, pamoja na bomba, kichupa cha dawa kinachezacheza. Nikakitoa kwa kijiko. Dawa iliyokuwa safi kama maji ilikuwa imefanya mabonge meupe.

"Mama, umechemsha dawa."

"Nimechemsha sindano, kama ulivyosema."

"Sindano ni hii ya chuma."

"Na hiyo mnayomchoma ndani ya mwili mnaiitaje? Si mnasema anapewa sindano?"

Niliudhika mpaka masikio yakawaka. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kweli tulikuwa tukisema hivyo. Kichupa kingine hakikuwepo, na bila dawa mume wangu asingefika mbali.

Lori la Kiomboi lilikuwa limeshapita. Nikaupanda mlima wa Sekenke kwa miguu, njia nzima nikipanga maneno nitakayomwambia yule mama, mkwe asiwe mkwe. Hospitalini dresa aliuliza ni mjinga gani aliyechemsha dawa. Nikasema ni mimi, halafu nikajichukia kwa kusema hivyo.

Nilirudi Jumapili alasiri na kichupa kipya. Mume wangu alikuwa amelala, anahema kwa nguvu, anaomba maji na kuomba tena. Mama mkwe alikuwa amemshika kichwa, anamnywesha kwa kata. Yeye mwenyewe hakuwa amekula tangu niondoke. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mwanangu, usiniambie tena kwa maneno. Nioneshe kwa kidole."

Nikamwonesha. Hiki na hiki vichemshwe, hiki kisiguswe moto. Akavigusa kimoja kimoja nyuma ya kidole changu. Kisha nikamchoma mume wangu, tukakaa wawili pembeni yake mpaka kesho yake asubuhi alipoinuka akauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Mama mkwe akalia. Mimi nilikuwa bado nina hasira, ila sikujua tena nimkasirikie nani.