Nguva wa Miaka Sitini na Sita

Kila asubuhi Bibi hujipaka mafuta miguuni, huuvaa mkia wake wa samaki wa maonyesho kwa kujikamua, kisha hukohoa kikohozi cha sigara alizoziacha zamani. Brenna, nguva mwenzake aliyeanza kazi juzi, huijua sauti hiyo hata kabla ya kuuona uso.

"Bibi, leo ukiibuka kabla wimbo haujaisha, meneja anakustaafisha."

"Mwambie alete mto wa kukalia, mwanangu. Atakaa sana akinisubiri."

Chini ya maji ya chemchemi, mbele ya kioo cha watazamaji, wimbo ukiwa nusu, mkondo ulimpokonya Bibi mpira wake wa kuvutia hewa. Brenna akamsogezea wake, kama ilivyo desturi yao. Bibi akatikisa kichwa. Nguva wachanga hujaza mapafu, nayo huwainua kama maboya. Yeye alitoa viputo vitatu, akazama polepole mpaka mchangani, akauokota mpira kwa vidole vyake vilivyopinda, akanywa funda moja la hewa na kutabasamu.

Wimbo ukaisha, wenzake wakaibuka. Yeye akabaki chini, akimpungia mkono meneja aliyeketi nyuma ya kioo, mpaka meneja naye akasimama, akapunga.