Mfuniko wa Sufuria Kubwa

Bibi alipotangaza kwamba anahama nyumba yake ya mtaa wa Darsait kwenda kwenye makazi mapya ya wazee, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walimuuliza watu watasemaje. Shangazi yangu, anayeishi Qurum katika nyumba yenye vyumba ambavyo hata yeye mwenyewe havifungui, alilia kwenye simu kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja haiitoshi aibu ile. Hakusema, "Njoo ukae kwangu."

"Ngazi zimenishinda," bibi alimjibu. "Huko kuna lifti na daktari. Hakuna alonitupa. Nnajitupa mwenyewe."

Kazi ya kumhamisha ikaniangukia mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo na sina ajira, na katika ukoo wetu asiye na kazi ni mali ya wote. Niliogopa kila kitu. Niliogopa ataanguka siku ya kuhama, niliogopa atajuta na kunilaumu, kisha nikaogopa kwamba hatanilaumu, atanyamaza tu, na hilo ni baya zaidi. Nikatafuta msaada.

Msaada wa kwanza ulikuwa kijana wa kampuni ya kuhamisha watu. Alikuja na vibandiko: cha kijani kitu kinakwenda, chekundu kinatupwa. Jikoni akayakuta masufuria ya shughuli, yale ya shaba, makubwa kiasi cha kumeza mbuzi mzima. Kila familia ya watu wa Unguja waliohamia huku kama sisi imepikia humo pilau ya harusi au ya hitima. Akayabandika vyekundu bila kuuliza. Bibi akabandua kimoja, akambandika kifuani.

"Anza na wewe," akamwambia.

Kijana akaenda kula chakula cha mchana na hakurudi.

Hapo bibi akatoa sharti: hatoki Darsait mpaka masufuria yapate mtunzaji. Ofisi ya makazi nayo ilishanipigia kwamba asipoingia wiki ile, chumba atapewa mwingine. Nikamwambia, kwa sauti isiyo nzuri, kwamba anakiacha chumba chenye lifti kwa ajili ya shaba.

"Mtu akifa," alisema, "simu ya kwanza huja kwa nani? Kwangu. Kwa sababu wanataka masufuria. Nikenda huko mikono mitupu, msiba nitausikia watu washakula, washanawa, washakwenda zao."

Nililiwaza neno hilo siku nzima. Lifti, daktari, ngazi, vyote nilikuwa nimevipanga. Hili la kutoambiwa halikunipitikia.

Shangazi akaja kusaidia. Alisaidia zulia likaingia kwenye gari lake, akasaidia dalla ya fedha, lile birika la kahawa, akasaidia kasha la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba. Nilipomtajia masufuria akanitazama kama nimemtukana.

"Mie na masufuria? Jiko langu la kisasa. Halafu kila mwenye msiba aje anigongee mlango?"

"Na kasha linaingia jiko la kisasa?" bibi akauliza.

"Mama, nakusaidia kupunguza vitu."

"Naona. Umenibakishia vizito."

Jirani wa ng'ambo ya njia sikumwita. Yeye na bibi hawasemi tangu alipoazima sufuria kwa harusi ya mwanawe, akalirudisha limeungua na ndani hamna kitu. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hata sukari kidogo hutiwa. Lakini aliliona gari la shangazi likiondoka limejaa, akavuka njia, akasimama mlangoni, akatoa salamu kwangu peke yangu.

"Mwambie bibi yako nna stoo tupu nyuma ya nyumba."

Bibi alikuwa amekaa hapo hapo. "Mwambie stoo yake ina panya."

"Mwambie hao panya hawajamchukulia zulia."

Nilisimama katikati na ufagio, nikijiuliza lipi nilifikishe na lipi nilimeze. Hakuna aliyekuwa ananingoja.

Bibi alipatazama pale zulia lilipokuwa. Kisha akasema, "Mwambie achukue. Ila asiyaunguze."

"Mwambie lile lilikuwa lishatoka bati la ndani kabla halijafika kwangu, ndo maana likaungua."

"Mwambie muongo."

"Mwambie ndo mie pekee nilokuja."

Bibi akanyoosha kidole kuelekea jikoni. Wana wa jirani wakayabeba masufuria kuvuka njia, mama yao akiwakaripia kila hatua, bibi akiwakaripia kutoka kwenye kiti. Hawakuagana.

Kwenye makazi mapya nilipanga nguo, dawa, msahafu na seti ya vikombe vya kahawa. Chini ya mablanketi nikakuta mfuniko wa shaba, mpana kuliko meza aliyopewa ya kulia.

"Bibi, huu hauna sufuria."

"Sufuria lake liko Darsait. Uweke nyuma ya mlango."

Ulizuia mlango usifunguke vizuri. Niliwaza atajikwaa, nikawaza nimpigie shangazi auchukue, nikawaza hataurudisha. Nikauacha.

Siku chache baadaye, nimekwenda kumtazama bibi, simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya jirani, kali kiasi kwamba niliisikia nikiwa dirishani.

"Mwizi weye. Wapishi washafika, sufuria kubwa halina mfuniko. Umeuweka wapi?"

Bibi alikaa vizuri kwenye kiti, akaweka simu sikio la pili.

"Nani kafa?" akauliza.

Akaambiwa. Akasema inna lillahi, akauliza maziko saa ngapi, nani anaosha, mjane ana nani. Jirani akajibu yote, kwa hasira.

"Haya, njoo uuchukue," bibi akasema. "Mwenyewe, usitume mtu. Na safari hii usinirudishie mtupu."