Onyesho la Wiki ya Giza

Nilipanga onyesho la kwanza la bendi yetu katika wiki ya giza, na mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Mtoto wa darasa la pili huku kwetu anajua kwamba dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Kwa hiyo wavuvi hupumzika kwenye mwezi na huvua kwenye giza. Mpiga ngoma wetu alikuwa mvuvi. Nusu ya watu niliowaalika walikuwa wavuvi wenzake. Mimi nikachagua Jumamosi kwa kuangalia kalenda ya duka la nyama, yenye picha ya ng'ombe na tarehe tu. Ndiyo faida ya mtu anayeshinda ndani.

Tulikuwa watatu. Mimi nilipiga gitaa na kuimba, ingawa kuimba ni neno la heshima. Nilipiga mayowe kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Wa pili alipiga besi, kaiazima kwenye kwaya yao bila kueleza inakwenda kufanya nini. Muziki wenyewe ni ile roki ya makelele inayoitwa metali nyeusi, chafu kwa makusudi, tukaichanganya na panki: nyimbo za dakika mbili, za hasira. Hasira yangu kubwa ilikuwa kukatika kwa umeme, kwa sababu ndilo jambo pekee lililonifikia sebuleni. Miezi minne tulifanya mazoezi uani kwetu, kila mwezi ukiwa mkubwa, na hata hilo halikunifundisha kitu. Nilidhani mpiga ngoma anapenda tu tarehe hizo.

Siku yenyewe tulianza saa tisa mchana, kwenye ukumbi wenye viti themanini vya plastiki. Walikuja watu saba, mmoja akiwa mwenye ukumbi. Mpiga ngoma alifika macho mekundu. Alikuwa ametoka ziwani asubuhi na hajalala. Hata hivyo alipiga lile pipa tulilolifanya ngoma kama analidai. Wimbo wa pili ulitoka vizuri kuliko siku zote, nikaanza kuamini kwamba tuna bendi kweli.

Simu yake ikaita katikati ya wimbo wa tatu. Akaitazama, akaweka fimbo chini.

"Tajiri huyo, mwenye mtumbwi. Wenzangu wameshafika ufukweni Kibirizi."

"Mwache apige, bwana! Zimebaki nyimbo tano."

"Kaka, si nilikwambia juzi hili ni giza? Ukasema poa."

Kweli nilisema poa. Nilidhani anazungumzia umeme.

Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha salama. Badala yake nikamwambia, maikrofoni ikiwa bado wazi, "Basi chagua. Bendi au dagaa."

Ukumbi mzima, yaani wale saba, wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniangalia kidogo, akavaa kandambili zake, akapanda bodaboda iliyokuwa ikisubiri nje. Wa besi akasema lazima airudishe kabla ya mazoezi ya kwaya, naye akaondoka. Nikabaki na pipa.

Mwezi uliofuata ulipokuwa mkubwa nikampigia simu mara tatu. Ya tatu akapokea. "Nilishachagua, kaka. Mbele ya watu," akasema, bila ugomvi hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nikatoka nje, jambo la nadra, nikamkuta mama jirani akitandaza dagaa wake juu ya chanja. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamwaga yote: nilivyosalitiwa, nilivyoachwa jukwaani, bendi ilivyokufa changa. Alinisikiliza huku akiokota mawe madogo na kuyatupa. Alipomaliza kuokota akasema:

"Yule asipokwenda ziwani, watu sita na watoto wao hawali. Wewe usipoimba, mwanangu, sisi tunapumzika."