Haozwi kwa Jina la Kuazima

Mwanakhamis Silima ana meza ya ndimu, pilipili na mabilimbi pale Darajani, na ana ulimi wa kuilinda. Ukimwambia ndimu zake ndogo, atakuuliza wewe ulizaliwa na kimo gani. Sokoni wengi humwita Bi Silima, kwa jina la babaake, naye huitika "Naam!" ya kusikika ng'ambo ya barabara. Mumewe alifariki zamani, mabinti zake wawili washaolewa, na mwaka huu Kheir, seremala mgane wa Mtoni, akaleta posa. Mwanakhamis akaikubali siku ile ile.

Sasa sikiliza kisa cha hilo jina. Utotoni mwake, kwao Mkokotoni, kina Silima walikuwa tele. Ukiita "Silima!" msikitini, nusu ya safu inageuka. Ikabidi wapambanuliwe: huyu Silima Mrefu, yule Silima Kiziwi, na babaake Mwanakhamis akawa Silima wa Chokaa, kwani alichoma chokaa mpaka mikono ikababuka, na kwa chokaa hiyo akamsomesha mwanawe Yussuf. Leo nenda Mkokotoni ukamtafute Silima wa miaka kumi. Humpati! Watoto ni kina Haitham na Rayyan. Majina mazuri, nani kasema mabaya? Lakini kwetu mtoto hubeba jina la baba na la babu, basi. Akizaa naye, la yule babu linasukumwa nje. Asipotokea wa kupewa upya, limekwenda na maji.

Yussuf hakungoja hata lisukumwe. Alikwenda Maskati kufanya biashara ya magari, akarudi na fedha na jina jipya: Yussuf Al-Marjani. Ati ndiyo asili yao. Nani kamwambia? Hakuna. Mwanawe naye akamwandikisha Al-Marjani, na Silima wa Chokaa hakutajwa tena katika nyumba ile kubwa ya Malindi.

Na kwa kuwa baba yao hayupo, walii wa Mwanakhamis, mwenye haki ya kumuozesha, ni huyo huyo Yussuf.

"Siku ya nikaha utatajwa binti Al-Marjani," alimwambia dadake wiki moja kabla. "Nna wageni wangu wakubwa. Sitaki mambo ya shamba."

"Mambo ya shamba ndiyo yaliyokusomesha, kaka."

"Mie ndiye walii wako. Bila ya mie huolewi."

Hofu ilimwingia Mwanakhamis. Alimpenda Kheir, wallahi alimpenda, na alikuwa amechoka kula peke yake.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri wanaume walibaki msikitini, na Sheikh Shamsi akaja nyumbani kwa Yussuf, pamoja na Yussuf mwenyewe na mashahidi wawili, kuchukua idhini ya bibi harusi. Mwanakhamis alikuwa nyuma ya pazia, hina mpaka viwikoni, na shangazi yake Bi Riyama ubavuni.

"Ewe Mwanakhamis binti Al-Marjani," sheikh alisoma kama alivyoelekezwa na Yussuf, "umeridhia kuozwa kwa Kheir bin Mwalim?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya.

"Kanyamaza, keshakubali," alisema Yussuf. "Twendeni zetu."

"Hebu ngoja," sheikh akamzuia. "Kimya ni ridhaa ya mwari. Huyu mjane, lazima atamke."

Bi Riyama akamfinya paja. "Sema, mwanangu! Kheir atakimbia!"

"Sheikh," alisema Mwanakhamis, "huyo unayemuuliza simjui. Mtafute, umuulize mwenyewe."

"Mwanakhamis! Unanitia aibu!" alifoka Yussuf.

"Aibu? Aibu ni kumzika baba mara mbili! Mara ya kwanza tulimzika na sanda yake, tukamlilia. Mara ya pili unamzika wewe peke yako, na huna hata chozi. Mie ni binti Silima bin Simai, wa Chokaa, wa Mkokotoni. Kama jina hilo haliolewi, basi na mie siolewi. Narudi kwenye ndimu zangu, hivi hivi na hina yangu!"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Bi Riyama akaacha kumfinya. "Mkataa kwao mtumwa," alisema, na aliyesemewa akasikia.

Sheikh Shamsi akamgeukia Yussuf. "Marehemu babaenu akiitwa nani?"

Yussuf akaangalia feni. "Silima."

"Ewe Mwanakhamis binti Silima bin Simai, umeridhia kuozwa kwa Kheir bin Mwalim?"

"Naam. Huyo ndiye mimi. Nimeridhia."

Sheikh, Yussuf na mashahidi wakarudi msikitini, na wanawake wakakaa kusikiliza spika ya mnarani. Ikaja sauti ya Yussuf, kwa haraka: anamuozesha dadake Mwanakhamis binti... na hapo akalimeza jina. Kisha ikaja sauti ya Sheikh Shamsi.

"Rudia. Mashahidi hawakusikia."

Spika ikakoroma. Wanawake wote wakamtazama Mwanakhamis.

"Mwanakhamis," ikasema sauti ya Yussuf, pole pole na wazi, mbele ya wageni wake wote wakubwa, "binti Silima bin Simai."

Bibi harusi hajipigii vigelegele. Hutulia, akainamisha kichwa. Mwanakhamis aliinuka, akasimama wima katikati ya chumba, akapiga cha kwanza yeye.