Kistari Juu ya Mbili

Sijawahi kudharau kitu kama nilivyoidharau ile gemu ya matofali, wala hakuna kitu nilichokishika mkononi muda mrefu zaidi katika ujana wangu. Ilikuwa ya plastiki, ya kijivu, na ililia kama kifaranga mwenye mafua. Vitofali vinashuka, unavipanga. Mstari ukijaa bila pengo, unafutwa. Ebu fikiria upumbavu huo: kazi ukiifanya sawasawa inafutwa mbele ya macho yako, nawe unafurahi.

Aliyeniletea ni mama mdogo, niliyekuwa nikiishi kwake mtaa wa Donholm, Nairobi. Aliuza bidhaa kwa jumla, na aliamini kwamba chochote chenye betri na vitufe huongeza akili. "Hii ni ya wasomi," aliniambia. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wake. Niliacha shule kidato cha pili, na sasa nilikuwa nikijifundisha mwenyewe sebuleni kwake ili nifanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nilikuwa mtu wa kuchana ukurasa mzima kwa sababu herufi moja imelala. Gemu haikuwa na herufi iliyolala, kwa hivyo ilinimeza. Nilisoma aya moja ya jiografia, nikacheza mara moja tu, nikarudia aya ile ile kwa sababu sikukumbuka hata mto uliotajwa. Nikacheza tena.

Kama ningekuwa nikijiharibia peke yangu, nisingeandika haya.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja dada mmoja kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, nimfundishe hesabu. Alinizidi miaka kama saba, alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi, na alikuwa amejiandikisha mtihani ule ule. Alihitaji alama ya hesabu ya kumwingiza chuo cha uuguzi. Aliniita mwalimu, nusu utani, nusu heshima. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoipenda kazi yenyewe ya kufundisha.

Jumapili moja tulikuwa kwenye logi, yaani logarithimu, za namba zilizo chini ya moja. Nilimpa swali ili anyamaze, nikaiweka gemu mapajani, chini ya meza, sauti nimeizima. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu kuivunja rekodi yangu.

"Mwalimu, hii laini juu ya mbili," alisema. "Inakaa kwa mbili peke yake ama inafunika namba yote?"

"Yote."

"Hata hizi za nyuma ya nukta?"

"Eeh, yote."

"Mbona kwa kitabu ni kama imekatika?"

"Dada, hicho kitabu ni cha zamani, wino umekwisha. Funika yote."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Akachukua rula, akakivuta kistari hadi mwisho, taratibu, kimenyooka vizuri. Kistari kile hukaa juu ya tarakimu ya kwanza tu, kuonyesha kwamba hiyo peke yake ndiyo hasi. Ukikirefusha, namba nzima inageuka na jibu linaharibika. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Jioni ile nilimwekea tiki daftari zima bila kusoma hata jibu moja. Rekodi niliivunja. Kesho yake mama mdogo alichomoa betri akazitia kwenye redio, na rekodi ikapotea.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, mimi nilipita. Yeye aliikosa alama ya chuo kwa ngazi moja. Alikuja siku ya kazi, bado amevaa aproni ya kiwandani, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwalimu, nimeuliza wenye tulifanya nao. Wote waliweka laini fupi."

Akanigeukia.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Si uliniambia nifunike yote?"

Nilikumbuka kila neno. Nilikumbuka hata umbo la kitofali nilichokuwa nikikizungusha.

"Sikusema hivyo, dada. Labda ulisikia vibaya."

Aliitazama meza kwa muda, kama mtu anayekagua kitambaa akitafuta uzi uliokatika.

"Inaweza kuwa," alisema. "Hizi mashine za kazini zimeniharibu masikio."

Nikamwambia pole.